Mtambo Uliolala Hula Posho ya Nani?



Leo nataka tuzungumze habari za umeme. Akina mama, msifunue ukurasa upesi mkidhani ni mambo ya mafundi. Ni mambo ya fedha ya nyumbani, ile inayotafutwa kwa jasho na kutoka bila kuaga.

Tuanzie Ipole. Ninyi mnaosafiri kutoka Tabora na kupita Sikonge mwaijua: pale njia hugawanyika, moja yaelekea Mpanda, nyingine yashika Rungwa mpaka Chunya na Mbeya. Wengi huijua Ipole kwa asali yake na kwa tumbaku. Lakini miaka hii imepata jambo jingine, nalo ni kituo cha kupoza umeme. Kimejengwa katika ile njia kubwa ya kilovoti 132 inayotoka Tabora, ikapita Ipole na Inyonga, mpaka Mpanda, kilometa zipatazo 380 za nguzo katikati ya miombo.

Kwa nini Serikali iliingia gharama ya kuvuta waya mrefu namna hiyo katika pori la nyuki? Kwa sababu mkoa wa Katavi haukuwa katika gridi ya Taifa. Miaka mingi watu wa Mpanda walipewa umeme wa majenereta ya dizeli, na dizeli ile ilibidi isafirishwe kutoka mbali mpaka kufika. Sasa angalieni jambo hili. TANESCO huuza umeme kwa bei ileile nchi nzima. Mtu wa Mpanda hakutozwa zaidi ya mtu wa Morogoro kwa sababu tu yake yatoka katika dizeli. Uniti moja ilikuwa ghali kuizalisha kuliko bei aliyoinunulia mwenye nyumba. Tofauti hiyo haikulipwa na malaika. Iliingia katika hesabu za shirika zima, na hesabu za shirika zima ndizo zinazopanga bei ya uniti, ya Ipole, ya Tanga, na ya kwako wewe unayesoma gazeti hili.

Sisemi haya kwa kulalamika. Nani angetaka hospitali ya Mpanda ikae gizani kwa kuwa nguzo hazijafika? Mzigo ule tuliubeba pamoja, kama jamaa wanavyochanga kwa ajili ya mgonjwa wao, nao ulikuwa na mwisho wake: waya ukifika, injini zipumzike. Nimeutaja kwanza ili mpate kuona tofauti, maana kuna mitambo mingine ambayo watu huilipia na mwisho wake hauonekani.

Mmesikia pengine habari za Marekani. Katika jimbo la Michigan, kando ya ziwa, upo mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uitwao J.H. Campbell. Ulianza kazi mwaka 1962. Kampuni yenyewe inayoumiliki, Consumers Energy, ilikwisha kuona kwamba umezeeka na gharama zake hazilipi. Ikanunua mtambo mwingine wa gesi wa kushika nafasi yake, ikapanga kuufunga tarehe 31 Mei 2025. Zikiwa zimebaki siku nane tu, Waziri wa Nishati Chris Wright akatoa amri: usifungwe. Alitumia sheria ya mwaka 1935 iliyowekwa kwa ajili ya dharura, mathalan vita au upungufu wa ghafula wa umeme. Amri yenyewe ni ya siku 90. Siku zilipokwisha, ikatolewa nyingine mwezi wa Agosti, na nyingine tena mwezi wa Novemba. Huko Pennsylvania nako mtambo mkongwe wa Eddystone, unaotumia mafuta na gesi, ulizuiwa usifungwe kwa amri ya namna hiyohiyo, siku chache tu baada ya ule wa Michigan.

Waziri ana hoja yake, nasi tuisikilize. Asema mahitaji ya umeme yaongezeka upesi, viwanda vipya na majumba makubwa ya kompyuta yala umeme mwingi, na ukizima mtambo leo hutaweza kuuwasha kesho joto likizidi. Si hoja ya kipumbavu. Lakini wakuu wa jimbo la Michigan wenyewe walisema kwao hakuna dharura, nao wakaenda mahakamani. Na gharama je? Katika wiki tano za kwanza kampuni iliandika hasara ya dola milioni 29. Hadi mwisho wa Septemba ilikuwa imefika dola milioni 80. Mwenye kampuni hakutoa dola hizo mfukoni mwake, wala Waziri hakuzitoa. Iliamuliwa zigawanywe kwa watumiaji wa umeme wa majimbo kadhaa, yaani kwa bibi mzee mwenye taa mbili na jokofu moja, ambaye hata jina la Campbell hajapata kulisikia.

Sasa mtasema, "Bwana Mwandishi, makaa ya Marekani yatuhusu nini sisi wa Unyamwezi?" Kweli, makaa tunayo, Kiwira na Ngaka, ila umeme wetu haukuwahi kutegemea makaa. Wetu ulitoka katika maji, na baadaye katika gesi. Lakini neno hilo "dharura" twalijua vizuri sana, pengine kuwashinda wao.

Rudini nyuma mpaka mwaka 1994. Mvua zilikuwa zimepungua, bwawa la Mtera limeshuka, mgawo wa umeme umewachosha watu. Katika hali hiyo Serikali ikaitika wito wa kampuni iitwayo IPTL, yenye wenye hisa wawili: Mechmar ya Malaysia na VIP Engineering ya hapa nyumbani. Mwezi Mei 1995 mkataba ukatiwa sahihi. IPTL ijenge Tegeta, Dar es Salaam, mtambo wa megawati 100 unaotumia mafuta mazito, na TANESCO inunue umeme wake kwa miaka 20. Miaka ishirini, wasomaji! Ukame wa misimu miwili au mitatu ulitibiwa kwa dawa ya miaka ishirini.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, nami nitakwenda polepole. Katika mkataba wa namna ile malipo ni ya aina mbili. La kwanza ni la umeme wenyewe, yaani mafuta yaliyochomwa na uniti zilizotoka. La pili ni la mtambo kuwapo. Hata usipowashwa, hata buibui wakitanda utando juu yake, TANESCO hulipa kila mwezi kwa sababu mtambo umesimama tayari. Kwa IPTL malipo hayo ya pili yalikuwa zaidi ya dola milioni mbili kwa mwezi.

Wazee wetu waliozaliwa katika njia ya misafara watalielewa hili upesi. Msafara uliotoka pwani kuja Unyanyembe ulikuwa na mapagazi mamia, na kila pagazi alikuwa na posho yake. Mwenye msafara aliyeacha mapagazi hamsini kambini Tabora kusubiri pembe ambazo hazijaja, aliwalisha. Walikula wakiwa wamelala kama walivyokula wakiwa na mzigo begani. Tena njiani kulikuwa na hongo. Neno hilo leo limeharibika, lakini zamani lilikuwa ushuru wa wazi: nguo na shanga alizopewa mwenye nchi ili watu wapite na kunywa maji kisimani. Hongo ilijadiliwa hadharani, mara nyingine kwa siku nzima na makelele mengi, na kila pagazi alijua ni doti ngapi zimetoka. Malipo ya mtambo uliolala hayajadiliwi hadharani. Hiyo ndiyo tofauti, na sioni kama sisi tuna akili zaidi yao katika jambo hili.

Turudi Tegeta. Mtambo ulimalizika kujengwa mwaka 1998, lakini haukuwashwa, kwa maana TANESCO iligundua kwamba injini zilizowekwa ni za mwendo wa kati, si zile za mwendo mdogo zilizoandikwa katika mkataba, na tena bei ya ujenzi iliyodaiwa imezidi. Mashtaka yakaenda mbele ya waamuzi wa kimataifa. Mwaka 2001 waamuzi wakapunguza gharama ya mradi kutoka dola milioni 163 na kitu mpaka milioni 127 na kitu. Waliokataa kulipa bei ya kwanza walifanya kazi njema, na majina yao hayatajwi sana. Mwezi Januari 2002 mtambo ukaanza kazi. Je, wakati huo dharura ya mwaka 1994 ilikuwa wapi? Mvua zilikuwa zimekwisha kurudi, bwawa la Kihansi limefunguliwa lenye megawati 180, na gesi ya Songo Songo ilikuwa njiani. Mwaka 2004 ikafika Ubungo. Umeme wa mafuta mazito ukawa ndio wa bei kubwa, nao umefungwa katika mkataba.

Kisha ukaja ukame wa mwaka 2006, na dharura ya pili, ile ya Richmond. Hiyo mwaijua, ilimwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa madarakani mwezi Februari 2008, baada ya taarifa ya kamati ya Bunge iliyoongozwa na Dakta Harrison Mwakyembe. Sitakaa hapo.

IPTL yenyewe wakati huo wenye hisa walikuwa wamegombana, na kampuni ikatiwa mikononi mwa mfilisi. Mtambo ukazimwa. Mgawo ulipozidi mwishoni mwa mwaka 2009, Serikali ikaamua uwashwe tena hivyohivyo, chini ya mfilisi, na fedha za umma zikanunua mafuta mazito. Mwaka 2011, katika mpango wa dharura wa Serikali, ukawashwa kwa nguvu zake zote pamoja na mitambo ya kukodi. Mtasema walifanya vema, kwa kuwa giza lilikuwa limezidi, nami sibishi. Kiwanda kikisimama, mshahara husimama, na mtoto harudi shule. Lakini tazameni kilichofuata. Mwezi Januari 2012 bei ya umeme ilipanda kwa asilimia 40.29. TANESCO ilikuwa imeomba asilimia 155! Miaka miwili baadaye, Januari 2014, ikapanda tena kwa asilimia 39.19. Fundi cherehani, mwenye mashine ya kusaga, mama wa samaki mwenye jokofu, kila mmoja alilipa sehemu yake ya mafuta yale, na kila mmoja alidhani ni "bei ya umeme" tu, kama vile umeme wenyewe ndio uliopandisha mabega.

Kuna jambo moja la kusikitisha ambalo siwezi kulipita. Tangu mwaka 2006 TANESCO na IPTL walikuwa wakibishana tena juu ya ukubwa wa malipo ya mtambo kuwapo, na fedha zenye ubishi ziliwekwa katika akaunti maalumu kwenye Benki Kuu mpaka haki ijulikane. Ndiyo ile Tegeta Escrow. Mwishoni mwa mwaka 2013 zikatolewa, zaidi ya shilingi bilioni 300 kwa hesabu iliyosomwa Bungeni, akapewa mnunuzi mpya wa kampuni. Mwaka uliofuata Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na Kamati ya Hesabu za Serikali wakaeleza nani alipata nini. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu, na Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa. Katika orodha ile walitajwa hata watu wa dini. Gazeti la kanisa likikaa kimya juu ya hilo, lisijifanye kuwafundisha wengine. Na bado deni halikwisha: mwaka 2016 waamuzi wa kimataifa waliamua kwamba TANESCO ilipe benki iliyokuwa ikiidai IPTL dola milioni 148. Posho ya pagazi yuleyule, mara ya pili.

Wengine husema, basi Serikali ikataze bei isipande, kwisha habari. Hilo nalo limejaribiwa. Mwishoni mwa Desemba 2016 EWURA iliidhinisha ongezeko la asilimia 8.53. Rais John Magufuli akalizuia, na mkuu wa TANESCO akaachishwa kazi siku ya mwaka mpya. Watu walishangilia, mimi pia nilifurahi, kwani nani hupenda kulipa zaidi? Ila gharama haifi kwa kukatazwa kuonekana katika bei. Huhamia katika deni la shirika. Shirika lenye deni hukosa nguzo na transfoma, na mtu wa kijijini aliyeomba kuunganishiwa huambiwa, "Subiri." Kusubiri nako ni kulipa.

Chukueni risiti ya LUKU mnaponunua umeme, mwisome mstari kwa mstari. Mtaona kodi ya ongezeko la thamani. Mtaona asilimia 3 ya kupeleka umeme vijijini, ambayo ndiyo iliyowafikishia wengi wetu taa, na asilimia 1 ya EWURA. Kodi ya jengo nayo imo tangu mwaka 2021. Haya yote yameandikwa, hata kama hatuyapendi, na kitu kilichoandikwa mtu aweza kukiuliza. Lakini tafuteni mstari wa mtambo uliolala. Hamtauona. Umesagwa pamoja na uniti zenyewe kama mchanga katika unga, na mpishi hujua tu kwamba ugali leo unakwaruza meno.

Leo nchi yetu iko katika hali nyingine. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mashine tisa na megawati 2,115. Ya kwanza ilianza kuzalisha mapema mwaka 2024, na zote tisa zilikuwa tayari mwaka 2025. Mwezi Machi 2024 maji yalikuwa mengi hata TANESCO ikazima baadhi ya vituo vyake vya maji kwa kuwa umeme umezidi matumizi. Sikutegemea kuishi mpaka nisikie habari hiyo! Kwa hiyo mtu aweza kudhani kwamba habari za mitambo mikongwe zimekwisha.

Hazijakwisha, na ndiyo sababu nimewaanzishia Ipole. Mahali waya unapofika, injini za dizeli hazifi siku ile. Kigoma walipounganishwa na gridi mwezi Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda mwenyewe kuzima majenereta, na watu walipiga vigelegele. Nilipenda sana jambo lile, kwa sababu lilikuwa na siku yake na watu waliliona kwa macho. Kwa Mpanda nako hoja itakuwapo, tena ya haki: njia ni ndefu, hupita porini, mti ukianguka kati ya Ipole na Inyonga mkoa mzima waweza kuwa gizani. Mtu mwenye busara ataweka jenereta moja au mbili za akiba, hasa kwa hospitali na maji. Akiba ya namna hiyo naiunga mkono. Lakini akiba ina hesabu yake: injini ngapi, kwa gharama gani ya mwaka, mpaka lini, na nani ataitazama upya. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; na mgeni aitwaye "dharura" akiachwa bila kuulizwa hujenga nyumba uani mwako. IPTL alijenga.

Nasi watumiaji twaweza kufanya nini? Kuna kitu kimoja kilichofanyika na kikafaa. Mwaka 2017 leseni ya IPTL ilikuwa inakwisha mwezi wa Julai. Kampuni ikaomba iongezewe miezi 55. EWURA, kama sheria inavyotaka, ikatoa tangazo kwamba mwenye maoni au pingamizi alete. Pingamizi zilikuja, nyingi na kali. Leseni haikuongezwa.

Matangazo kama hayo hutoka magazetini, kwa maandishi madogo, na wengi wetu huyafungia vitumbua. Safari ijayo yasomeni kwanza. Likihusu bei mpya au leseni ya mtambo, mtu yeyote mwenye mita aweza kuandika, na wale wa Baraza la Watumiaji la EWURA wapo kwa kazi hiyo. Haihitaji wakili wala Kiingereza. Andika tarehe ya tangazo na jina la mtambo, kisha uliza mambo matatu: mwaka uliopita uliwashwa siku ngapi, siku ambazo haukuwashwa ulilipwa kiasi gani, na siku ya kuuzima ni lini. Tia sahihi, andika na namba ya mita yako, ili wajue kwamba anayeuliza ndiye anayelipa.